Pikipiki ya Delta

Wewe unayesoma, hebu jibu bila kuzunguka: pikipiki inakwenda juu ya maji?

Usicheke. Wapo watu waliosoma, wenye viyoyozi na makarani, walioamini kwamba inakwenda. Waliamini miaka mitatu mfululizo, wakaandika, wakagonga mihuri. Siku mtu mzima mwenye akili zake alipowaambia haiendi, wakamtaka alete ushahidi.

Mtu huyo ni Mwalimu Abdulswamadu Mketo, mzaliwa wa Mtunda, mwana wa mkulima wa mihogo na korosho. Mfupi, mkavu, sauti kubwa kuliko mwili. Alifundisha miaka kumi na tisa katika shule za Rufiji, na kote alikopita alijulikana kwa mambo mawili: hakumchapa mtoto kwa kukosa hesabu, na hakuacha jambo lipite kimya. Katika mikutano ya walimu, mwenyekiti akishasema, "Kama hakuna la ziada tufunge," wenzake walimgeukia yeye na kuguna, maana la ziada lilikuwepo kila siku.

Mwaka 1995 akapewa kituo cha kusaidia shule pale Kibiti. Ilikuwa miaka ya soko huria. Madukani kulikuwa na kila kitu, kuanzia redio za kaseti hadi sabuni za kunukia, na shuleni hakukuwa na chaki. Serikali ilikuwa imechoka, inatua mzigo mmoja mmoja, na kila mzigo uliotuliwa akaja mfadhili kuuokota kwa masharti yake. Ndivyo ulivyozaliwa mradi ule wa shule, makao yake ghorofa ya nne Dar es Salaam, vituo vyake vimetawanywa wilayani kama mbegu alizorusha mtu mwenye haraka.

Kituo cha Kibiti kilikuwa nyumba ya vyumba viwili: rafu za vitabu, mashine ya kurudufu mitihani, na pikipiki moja nyekundu. Kazi ya mratibu ilikuwa kuzifikia shule thelathini na moja, kupeleka vitabu, kukaa na walimu, kuona wamekwama wapi, kuwakwamua. Kazi nzuri. Abdulswamadu aliipokea kama mtu aliyekabidhiwa mtoto.

Kisha akasoma karatasi za fedha.

Fedha zilikuja zimefungwa kamba shingoni. Za mafuta ni za mafuta, za chai ya semina ni za chai ya semina. Shilingi ya chai haiwezi kununua chaki hata walimu washibe mpaka watapike. Kila shilingi ina fungu lake, na kuihamisha kutoka fungu hili kwenda lile kulihitaji kibali cha Dar es Salaam, na Dar es Salaam nayo iombe kibali ng'ambo kwa mfadhili.

Sasa, shule kumi na moja kati ya zile thelathini na moja ziko delta. Mwendo wake ni huu: unatoka Kibiti na pikipiki hadi Nyamisati, unaiegemeza kwenye ukuta wa duka la watu, unapanda mtumbwi. Kuanzia hapo ni mito, mikoko, matope na mamba. Fungu la mafuta lilikuwepo, nono kabisa. Fungu la mtumbwi halikuwepo.

Mwezi wa kwanza Abdulswamadu akalipa mtumbwi kwa mshahara wake. Mwezi wa pili hivyo hivyo. Mwezi wa tatu mkewe, Maimuna, akamwekea mbele sahani ya ugali mtupu.

"Hivi mume wangu," akamwuliza kwa upole uliozidi kiasi, "mradi unakulipa wewe, au wewe ndiye unayeulipa mradi?"

Asubuhi akaandika barua kwenda ghorofa ya nne. Hakuomba nyongeza hata senti. Aliomba ruhusa moja tu, kwamba sehemu ya fedha za mafuta ilipe mtumbwi. Jibu lilikuja baada ya miezi miwili, limepigwa chapa safi:

"Kumbukumbu zetu zinaonyesha kuwa shule zote thelathini na moja za eneo lako zimekuwa zikifikiwa kwa pikipiki kwa asilimia mia moja. Ombi lako halina msingi."

Akaisoma mara tatu. Kisha akafungua kabati la mtangulizi wake, na humo akaikuta barabara. Miaka mitatu ya stakabadhi za petroli, na kwa kila stakabadhi safari ya pikipiki hadi katikati ya delta, kilometa zimeandikwa kwa kalamu nzuri. Kibiti hadi Nyamikonge, kilometa hamsini na nane. Nyamikonge ni kijiji kilichozungukwa na maji pande zote!

Mtangulizi huyo hakuwa jambazi. Pengine safari chache alikwenda kweli, akampa mpiga kasia chake, na kwa kuwa fomu haikumtambua mpiga kasia akanunua stakabadhi ya petroli ili hesabu zilale, zisiulizwe. Pengine safari nyingine hakwenda kabisa, maana ukishajua karatasi inakwenda yenyewe, wewe ukafuate nini? Alifanya walichofanya wote. Lakini kila stakabadhi ya uongo ilisogeza barabara ile mbele kidogo, ikapasua mikoko, ikavuka mito, mpaka Dar es Salaam wakaiona kwa macho yao ya karatasi na kusema: hawa hawahitaji mtumbwi.

Hapo ndipo anapoingia Sihaba.

Bi Sihaba alikuwa mwalimu wa Nyamikonge. Walipangwa wanne, watatu walikuja, wakaona mbu, wakaondoka. Yeye akabaki, mjane wa miaka thelathini na mitano, mwenye ulimi wa wembe. Mwezi wa pili mwaka 1996 alivuka hadi Kibiti, akakaa kwenye benchi la kituo bila kukaribishwa.

"Mwalimu Swamadu, una habari kwamba mwezi ujao shule yangu inakufa?"

Alikuwa nayo. Kila anayeijua delta anayo. Mpunga ukianza kuchanua, kijiji huhama. Mama, baba, watoto, kuku na sufuria, wote huenda kukaa mashambani kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya miti mirefu. Mtoto ndiye mwenye macho na koo, kwa hiyo mtoto ndiye anayeamia: anakaa juu na kombeo, anawafukuza ndege wasimalize mpunga. Asipoamia, nyumba haili mwaka mzima. Miezi minne na ushee shule hubaki na popo. Darasa la saba wakirudi, mtihani uko mlangoni, na Nyamikonge ilikuwa haijapeleka mtoto sekondari tangu kina Sihaba wenyewe wakiwa watoto.

"Kila mwaka tunawapigia kelele wazazi," Sihaba akasema. "Tunawatishia faini. Ati rudisheni watoto. Warudi wale nini, ubao? Mie nimechoka kuwaita. Mwaka huu nawafuata."

"Unawafuata vipi?"

"Ndege wana saa zao. Alfajiri wanashambulia, jioni wanashambulia. Saa nne mpaka saa tisa jua kali, wamejificha. Saa tano zote hizo watoto wamekaa bure. Wanafunzi wangu wa la saba ishirini na wawili wako kwenye makundi matatu ya mashamba, ng'ambo hii na ile ya mto. Nipe vitabu, nipe ubao wa kubeba, nipe mtumbwi wa kunizungusha. Nitafundisha chini ya dungu."

Abdulswamadu akacheka. Kisha akaona kwamba hakuna kikao kimoja, cha semina yoyote, ya mfadhili yeyote, kilichowahi kutoa wazo la maana kama hili. Na chai haikunywewa.

"Mtumbwi bei gani?"

"Mzee Salumu anataka elfu kumi na mbili kwa mwezi. Nimemshusha kutoka kumi na tano. Nimemwambia na wajukuu zake wamo."

Fungu la mafuta lilikuwa elfu kumi na sita kwa mwezi.

Akatoa. Bila kibali. Lakini tazama alivyotoa, maana hapa ndipo mtu huyu anapojulikana. Hakununua stakabadhi za petroli. Alichukua karatasi nyeupe akaandika: "Mafuta ya pikipiki, elfu nne. Mtumbwi wa Mzee Salumu kumzungusha mwalimu mashambani, elfu kumi na mbili." Mzee Salumu hakujua kuandika, na pale Nyamikonge hapakuwa na wino, kwa hiyo akachovya dole gumba kwenye rangi ya magome ya mkoko waliyokuwa wakiipika, akalibandika chini. Dole jekundu, pana, lenye kovu la jembe. Machi dole, Aprili dole, Mei dole. Yote matatu yakapanda hadi ghorofa ya nne pamoja na barua: "Nimetumia fedha nje ya fungu. Sababu ni hizi. Njooni mwone."

Na kulikuwa na cha kuona. Mwezi wa tano yeye mwenyewe alikwenda na mtihani wa majaribio. Watoto ishirini na wawili, wote wapo, miguu ina matope hadi magotini, madaftari yamefungwa kwenye mifuko ya plastiki. Mwaka uliotangulia tarehe kama hiyo wangepatikana watoto watatu. Kumi na wanne wakafaulu. Wa kwanza alikuwa binti wa miaka kumi na minne, Zena, mwembamba kama mwanzi, sauti imekwaruzika kwa kufukuza ndege.

"Mwalimu," akamwuliza, "hivi sekondari nako watoto wanaamia?"

"Hapana. Sekondari unasoma tu."

Zena akatazama mpunga, akamtazama yeye, kuona kama anataniwa. "Siku nzima?"

"Siku nzima."

"Basi nitakwenda," akasema, kama mtu aliyeulizwa atanunua kitenge kipi.

Mkaguzi wa hesabu wa mradi akaja wiki ya mwisho ya Mei. Aliitwa Bwana Haitham, kijana wa mjini, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni, adabu zake zote anazo. Akakaa Kibiti, akafungua faili, akaweka kidole juu ya alama nyekundu.

"Hiki ni nini?"

"Dole gumba la Mzee Salumu."

"Na wino gani huu?"

"Magome ya mkoko."

"Mwalimu, mie nataka stakabadhi yenye namba na muhuri."

"Kamnunulie Salumu muhuri."

Haitham akatabasamu kidogo, akageuza ukurasa. "Haya. Umbali. Kilometa ngapi?"

"Maji mawili."

"Nini?"

"Unaingia maji yakijaa, unatoka yakipwa. Ndivyo wanavyohesabu safari kule. Ukiyakosa, unalala."

"Fomu yangu haina nafasi ya maji. Ina kilometa."

"Na mito yangu haina kilometa. Twende nikakuonyeshe. Saa hii. Watoto wako pale."

"Mwalimu, sikutumwa kukagua watoto. Nimetumwa kukagua masurufu."

Soma tena sentensi hiyo. Hakuisema kwa ubaya. Aliisema kama mtu anavyosema leo ni Jumanne. Watu wanatoa fedha ng'ambo kwa ajili ya watoto, mtu analipwa posho ya safari kuja kuona zimekwenda wapi, na akiitwa aone zilikokwenda, anasema hakutumwa huko. Huo ndio waliouita uwajibikaji. Mwalimu awajibike kwa karatasi, karatasi iwajibike kwa ghorofa ya nne, ghorofa ya nne iwajibike ng'ambo. Kwa Zena awajibike nani?

Haitham akainuka, akafunga mlango, akarudi na sauti ya chini.

"Kaka yangu, sikuja kukuumiza. Elfu thelathini na sita si kitu. Kuna vijana hapa barabarani wanauza stakabadhi tupu za petroli, unazijua na mie nazijua. Niletee kabla ya saa nane. Haya madole tunayachana, hesabu zinalala, fedha za Juni zinatoka, na watoto wako wanaendelea. Kila kituo wanafanya hivyo. Wewe tu ndiye umeamua kuniandikia ukweli."

Nje, mpiga debe alikuwa anaita abiria wa Ikwiriri. Abdulswamadu hakuwa malaika, alihesabu. Karatasi tatu za uongo kwa mwezi na nusu wa masomo mpaka mavuno. Bei rahisi mno. Mkono wake ulikwenda mfukoni, kwenye fedha, akauona unakwenda.

Kisha akainuka, akavuta kabatini faili la mtangulizi wake, akalifungua mbele ya mgeni.

"Iangalie barabara hii. Kibiti hadi Nyamikonge, kilometa hamsini na nane. Umepita?"

"Aa, hii..."

"Wewe ndiye uliyeipitisha, sahihi yako hii hapa. Nilipoomba mtumbwi mliniambia sina haja, barabara ipo. Nikikuletea petroli leo, nimeirefusha. Mwakani atakuja mwalimu mwingine hapa, aombe mtumbwi, mtamwonyesha stakabadhi zangu. Siwezi. Andika ulichokikuta."

Haitham akapangusa kalamu kwa kitambaa. Alionekana kuchoka ghafla, na hakuwa mkubwa wa umri.

"Nitaandika. Fedha zimetumika nje ya fungu. Kituo kinasimamishwa mpaka uchunguzi uishe, funguo za pikipiki nipe, na elfu thelathini na sita zitakatwa kwenye mshahara wako." Akafika mlangoni, akageuka. "Unadhani watakushukuru?"

"Nani?"

"Hao watoto."

Swali hilo Abdulswamadu aliondoka nalo. Alilibeba juu ya lori la magunia hadi Nyamisati mchana huo huo, kwa kuwa habari mbaya aliona ni haramu kumpa mtu mwingine aipeleke.

Mzee Salumu alimvusha bila kumdai. Njiani akasikiliza yote, anapiga kasia taratibu.

"Kwa hiyo dole langu halifai?"

"Halifai, Mzee Salumu."

"Ajabu. Kwenye kodi ya maendeleo lilifaa. Walinishika mkono wakalibandika wenyewe. Kwenye kadi ya chama lilifaa. Kwenye kura juzi lilifaa." Akatema mate majini. "Halifai wanapotakiwa kunilipa mie."

"Zako za Mei umepata zote?"

"Nimepata. Leo nimekuvusha kwa sababu ni wewe. Kesho, mwanangu, sikuahidi kitu. Nyumbani wanakula watu tisa."

Sihaba alikuwa anapanga vitabu kwenye sanduku la mbao aliposikia. Hakulia. Alifunga sanduku, akalikalia.

"Alikwambia ulete stakabadhi, akupe fedha."

"Ndiyo."

"Ukakataa."

"Ingekuwa uongo, Bi Sihaba. Uongo ule ule ndio uliotuf—"

"Ungetia sahihi!" Sauti yake ikawatoa kuku uvunguni. "Mwezi na nusu, Mwalimu Swamadu! Nilikuomba mwezi na nusu tu! Nyie wanaume wenye msimamo, msimamo wenu nani anaulipa? Wewe umebaki safi. Zena je? Mwakani kutakuwa na mtumbwi wa halali, Inshallah, kweli kabisa. Mwakani Zena ataolewa."

"Na nikitia sahihi, mwakani kina Zena wengine..."

"Mie simfundishi Zena wa mwakani. Namfundisha huyu."

Wote wawili walikuwa na haki, na hilo ndilo linalochoma. Watu wawili bora kuliko wote niliowahi kusikia habari zao walisimama kwenye ua wa matope wakitukanana, mmoja kwa sababu alisema kweli, mwingine kwa sababu kweli ile imewanyang'anya watoto shule. Na aliyewagombanisha alikuwa garini, kioo kimefungwa, anarudi mjini na hesabu zilizolala vizuri.

Kesho yake, saa nne kasoro, Abdulswamadu alisimama ukingoni mwa mto pamoja na Sihaba. Hawakuwa wamepatana, lakini sanduku la vitabu walilibeba pamoja, kila mmoja na upande wake. Ng'ambo, mbali kiasi cha kutambua nguo lakini si sura, watoto wa mashamba ya kwanza walikuwa wamekwisha kushuka kwenye madungu na kujipanga kwenye tope, mifuko ya plastiki mikononi. Maji yalikuwa yanajaa. Saa yao ilikuwa imefika.

Mtumbwi wa Mzee Salumu ukatokea penye kona ya mikoko. Watoto wakauona, wakaanza kupunga mikono na kuita, "Mwalimu! Mwalimu!" Lakini mtumbwi ulikuwa umelala chini, umejaa boriti za tajiri fulani hadi nchani, hakuna pa kuweka hata kikapu. Mzee Salumu alipiga kasia akitazama mbele. Alipita katikati ya pande mbili, hakugeuza shingo kulia wala kushoto, akapotea kwenye mkono mwingine wa mto.

Watoto wakasimama muda mrefu. Wawili wa mwanzo wakarudi. Kisha wanne. Mmoja alikaa kwenye tope, mwenzake akamwinua. Mwisho akabaki wa kanga ya njano, mwembamba, mfuko wake kifuani, akitazama upande huu ambako waliweza kumwona naye akaweza kuwaona. Sihaba akainua mkono. Yule hakuinua wake. Kundi la kwelea likashuka kwenye mpunga nyuma yake, mapema kuliko saa zao, na Zena akageuka, akapanda ngazi ya dungu, akaweka mfuko chini, akachukua kombeo.

"Ruka!" sauti yake iliyokwaruzika ikavuka maji. "Ruka we! Ruka!"